Mbolea inayopotea mtoni: nani hulipa gharama?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayefuatilia bei ya mahindi katika soko la Chicago huangalia mvua, ekari zilizopandwa na shehena zinazosubiri bandarini. Ipo hesabu nyingine ambayo haionekani katika taarifa za soko. Nayo ni ya mbolea iliyonunuliwa kwa fedha taslimu au kwa mkopo, ikamwagwa shambani, kisha ikaondoka na maji bila kuzaa hata punje moja.

Hesabu hiyo ilijitokeza hadharani Juni 2025 katika jimbo la Iowa, Marekani, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiongoza nchini humo kwa kilimo cha mahindi. Tarehe 12 ya mwezi huo mamlaka ya maji ya Iowa ya Kati, inayohudumia watu wapatao 600,000 katika jiji la Des Moines na miji jirani, ilipiga marufuku kumwagilia majani ya bustani. Mito haikuwa imekauka. Maji yalikuwa tele, lakini yalibeba nitrati nyingi, na mitambo ya kuichuja ilikuwa imefikia kikomo cha uwezo wake. Marufuku hiyo ilidumu kwa wiki kadhaa katikati ya msimu wa joto.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, jambo hili si la wanamazingira peke yao. Nitrojeni iliyoko mtoni ni mtaji uliomtoka mkulima, na haupotei hivi hivi. Hugeuka kuwa gharama kwa mtu mwingine: mlipa ankara ya maji mjini, mvuvi baharini, na hatimaye mlipa kodi. Kinachoamua ni lini gharama hiyo itadaiwa ni hali ya hewa.

MFUKO WA KILO 50

Tuanze dukani. Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni halisi. Hicho ndicho mkulima anachonunua. Kilichobaki ni kibebeo tu.

Ikishaingia udongoni, urea hugeuka kuwa amonia, kisha bakteria wa udongo huigeuza kuwa nitrati. Mmea hupenda nitrati, lakini maji nayo huipenda. Udongo wa mfinyanzi hushika amonia vizuri kiasi, ila nitrati haushiki. Nitrati huyeyuka kama chumvi ya mezani na kufuata maji kila yaendako. Kwa wastani wa dunia, mazao huchukua karibu nusu tu ya nitrojeni inayowekwa mashambani. Sehemu nyingine huruka hewani kama gesi, nyingine hubaki udongoni, na nyingine huingia katika visima, vijito na mito.

Tufanye hesabu ya haraka. Chukua robo tu ya nitrojeni ya mfuko mmoja, yaani kilo 5.75, iwe imefika mtoni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Marekani katika maji ya kunywa ni miligramu 10 za nitrojeni ya nitrati kwa lita. Kiwango hicho kiliwekwa hasa kulinda watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni nitrati inapozidi. Kilo hizo 5.75 zinatosha kufikisha kwenye kikomo hicho lita 575,000 za maji yaliyokuwa safi. Ni sawa na malori 57 ya maji, kila moja likibeba lita 10,000, kwa robo ya mfuko mmoja.

Sasa zidisha kwa mamilioni ya ekari za mahindi. Ongeza samadi, maana Iowa ina nguruwe zaidi ya milioni 20, wakati watu wake ni milioni tatu na ushei. Taarifa iliyotolewa mwaka 2025 kwa ajili ya kaunti ya Polk, yenye jiji la Des Moines, ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya nitrojeni katika mito inayolisha mji huo hutokana na kilimo.

UKAME HUWEKA, MVUA HUTOA

Wengi hudhani kwamba mwaka mbaya kwa mto ni mwaka ambao mkulima ametumia mbolea nyingi. Kumbukumbu za Iowa zinaonyesha kuwa mambo si mepesi hivyo. Mwaka mbaya zaidi mara nyingi ni ule wa mvua kubwa unaofuata ukame.

Mwaka 2012 ukame uliikumba mikoa ya mahindi ya Marekani baada ya wakulima kuwa wamekwisha kuweka mbolea yao kama kawaida. Mavuno yalishuka hadi wastani wa busheli 123 kwa ekari, wakati mwaka 2009 yalikuwa busheli 164. Agosti 2012 bei ya mahindi huko Chicago ilipita dola 8 kwa busheli na kuweka rekodi, na wafanyabiashara wa nafaka duniani kote waliisikia. Ambacho soko halikukiona ni kwamba mahindi yaliyodumaa yaliacha nitrojeni udongoni, bila wa kuitumia. Ilikuwa akiba, lakini si ya mkulima.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2013 yalikuja na mvua nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa katika kumbukumbu za jimbo hilo kwa msimu huo. Mashamba yalikuwa bado matupu, mahindi mapya hayajaota mizizi ya kutosha. Maji yakapita udongoni na kuzoa nitrati ya miaka miwili kwa pamoja. Mei 2013 nitrati katika mto Raccoon, mmoja wa mito miwili inayolisha Des Moines, ilifika miligramu 24 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria. Hali ya mwaka 2025 ilifuata mkondo huo huo: miaka kadhaa ya ukavu, kisha mvua nzuri.

Jambo lingine huharakisha safari hiyo. Sehemu kubwa ya Iowa ilikuwa vinamasi, na ili kuilima wakulima walifukia mabomba yenye matundu chini ya mashamba ili kukausha ardhi. Mabomba hayo ndiyo yaliyofanya eneo hilo kuwa ghala la nafaka, lakini pia ni barabara ya lami ya nitrati. Maji ambayo zamani yangepita polepole kwenye matope na majani, ambako bakteria wangeirudisha nitrojeni hewani, sasa hufika kwenye kijito kwa muda mfupi.

Afrika Mashariki ina mchango wake katika elimu hii. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Muguga nchini Kenya, alichapisha mwaka 1958 matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukilowana ghafla hutoa nitrojeni kwa kishindo, kwa sababu vijidudu vya udongo huamka na kuozesha mboji kwa kasi. Jambo hilo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kila mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi kirefu, iwe Nakuru, Njombe au Iowa, kishindo hicho hutokea. Penye mizizi inayosubiri, ni faida. Pasipo na mizizi, ni hasara.

ANKARA YA DES MOINES

Mji wa Des Moines uliona mapema kwamba mto hautajisafisha wenyewe. Mwaka 1991 mamlaka yake ya maji ilijenga mtambo wa kuondoa nitrati kwa gharama ya dola milioni 4.1, na wakati huo ulihesabiwa miongoni mwa mitambo mikubwa zaidi ya aina yake duniani. Kuuwasha kuligharimu maelfu ya dola kwa siku. Mwaka 2015 ulilazimika kufanya kazi kwa siku 177, karibu nusu mwaka, na gharama za mwaka huo zikafika takriban dola milioni 1.5. Fedha hizo zililipwa na wenye nyumba na wenye viwanda mjini kupitia ankara zao.

Machi 2015 mamlaka hiyo ilikwenda mahakamani. Iliyashitaki mabaraza ya mifereji katika kaunti tatu za kaskazini magharibi, Sac, Calhoun na Buena Vista, ikidai kwamba mabomba ya kukausha mashamba yahesabiwe kama mabomba ya kiwanda na kuhitaji kibali chini ya sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Wakulima nao walisema mvua si yao, na kwamba sheria hiyo yenyewe inayaacha nje maji ya mvua yatokayo mashambani. Machi 2017 mahakama ya shirikisho iliitupa kesi hiyo, jaji akisema kwamba ufumbuzi wa tatizo hilo ni wa bunge la jimbo.

Mwekezaji anapaswa kusoma hukumu hiyo kwa makini. Haikusema kwamba hakuna hasara. Ilichoacha wazi ni nani atakayeilipa, na wakati swali hilo linaendelea kujadiliwa, anayelipa ni mnunuzi wa maji.

GHUBA NA BEI YA KAMBA

Nitrati isiyochujwa Des Moines husafiri. Mto Mississippi hukusanya maji ya majimbo 31 na kuyamwaga katika Ghuba ya Meksiko. Huko nitrojeni huotesha mwani kwa wingi, mwani hufa na kuzama, na katika kuoza humaliza oksijeni ya maji ya chini. Samaki wenye uwezo wa kukimbia hukimbia. Wasio na uwezo hufa.

Eneo hilo lisilo na oksijeni limepimwa karibu kila msimu wa joto tangu 1985, na vipimo vyake vinafuata mvua ya bara kama kivuli. Mwaka wa ukame wa 1988 eneo hilo karibu litoweke. Mwaka 1993, mafuriko makubwa yalipoikumba Mississippi, liliongezeka karibu mara mbili. Mwaka wa ukame wa 2012 lilikuwa takriban kilometa za mraba 7,500. Mwaka uliofuata lilikuwa takriban 15,000. Rekodi iliwekwa mwaka 2017, kilometa za mraba 22,720. Lengo la serikali ya Marekani na majimbo husika ni kushuka chini ya 5,000 ifikapo mwaka 2035. Lengo hilo hilo liliwahi kupangiwa mwaka 2015 na halikufikiwa.

Sokoni hasara hiyo haionekani kwa urahisi, kwa sababu wavuvi huendelea kuleta kamba na tani hazishuki kwa namna ya kushtua. Mwaka 2017 wachumi wakiongozwa na Martin Smith wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha utafiti uliotazama bei badala ya tani. Waligundua kwamba oksijeni inapopungua, kamba wakubwa hupungua na wadogo huongezeka sokoni, hivyo bei ya kamba wakubwa hupanda ikilinganishwa na ile ya wadogo. Yeyote aliyewahi kuuza samaki kwa madaraja anaelewa maana yake. Ndoo inaweza kujaa, na mfuko wa fedha usijae. Uchafuzi ulioanzia kwenye shamba la mahindi ulijitokeza kwenye tofauti ya bei kati ya daraja moja na jingine.

Utabiri nao hauleti faraja. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliotolewa katika jarida la Science, ulikadiria kwamba mabadiliko ya mvua peke yake yanaweza kuongeza nitrojeni inayoingia katika mito ya Marekani kwa takriban asilimia 19 ifikapo mwisho wa karne hii, endapo gesi zinazopasha dunia joto zitaendelea kumwagwa kwa wingi. Maana yake ni kwamba mkulima anaweza kutumia mbolea ile ile ya jana na bado mto ukachafuka zaidi kesho.

KWA NINI MKULIMA HAPUNGUZI?

Jibu liko katika bei. Mkulima hajui mwezi wa tano mvua itakuwaje mwezi wa saba. Akiweka mbolea pungufu na mvua ikawa nzuri, amekosa mavuno. Akizidisha na mvua ikaharibika, amepoteza gharama ya mbolea tu. Mahindi yakiwa dola 8 kwa busheli, mfuko wa ziada ni bima rahisi. Anafanya hesabu sahihi kwa upande wake, ila daftari lake halina ukurasa wa mto.

Mbolea inapopanda bei, hesabu hubadilika. Nitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa kiasi kikubwa kutokana na gesi asilia, kwa hiyo bei yake hufuata nishati. Wastani wa bei ya urea katika soko la dunia ulikuwa takriban dola 230 kwa tani mwaka 2020. Mwaka 2022, baada ya gesi kupanda Ulaya na Urusi kuivamia Ukraine, wastani ulifika takriban dola 700. Kwa bei hiyo, robo ya nitrojeni inayopotea ni dola 175 kwa kila tani.

Denmark haikusubiri bei. Mwaka 1987 bunge lake lilipitisha mpango wa kupunguza kwa nusu nitrojeni inayoingia majini. Wakulima walitakiwa kutunza hesabu za mbolea kila mwaka, kujenga mahali pa kuhifadhi samadi wakati wa baridi badala ya kuimwaga kwenye ardhi tupu, na kupanda mazao ya kufunika udongo baada ya mavuno. Nitrojeni inayofika baharini kutoka nchi hiyo ilipungua karibu nusu ikilinganishwa na mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Denmark iliendelea kuuza nje nyama ya nguruwe na siagi. Hata hivyo ghuba zake bado hazijapona, na Novemba 2024 vyama vya siasa vilikubaliana kugeuza sehemu ya mashamba kuwa misitu na ardhi oevu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Denmark ilianza kwa daftari.

Iowa iliamua mwaka 2013 kufuata njia ya hiari, ikilenga kupunguza nitrojeni kwa asilimia 45. Mbinu zinajulikana: kugawa mbolea mara mbili badala ya kuiweka yote kwa mkupuo, mazao ya kufunika udongo, mitaro iliyojazwa vipande vya mbao ambamo bakteria huondoa nitrati, na kurudisha baadhi ya vinamasi. Kinachokosekana ni wa kuzilipia, kwa sababu mwenye shamba hutoa fedha na faida humwangukia mtu wa mjini.

HUKU KWETU

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki asichukue hesabu ya Iowa na kuibandika hapa kama ilivyo. Tatizo la mashamba mengi ya mahindi ya ukanda huu ni upungufu wa mbolea, si wingi wake. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2006 kufikia kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na kwa wastani bara halikufika. Nitrojeni inayoingia katika Ziwa Victoria haitoki kwenye mifuko ya urea tu. Hutoka pia kwenye udongo uliomomonyoka, maji taka ya miji, na vumbi na moshi wa mioto ya mashamba unaotua ziwani kutoka hewani. Gugu maji, lililowasumbua wavuvi na wenye vyombo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hustawi kwa chakula hicho.

Hata hivyo kanuni ya mvua ni ile ile. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anayemwaga urea usiku wa kuamkia mvua kubwa amelipa bei ya mfuko mzima na kupata sehemu tu. Kwake hasara hiyo ni nzito kuliko kwa mwenzake wa Iowa, kwa kuwa hana mifuko ya akiba, na mara nyingi hana bima wala ruzuku ya kumfidia. Kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili, kuifukia badala ya kuitupa juu, na kuiweka wakati mahindi yana mizizi ya kuipokea ni mambo yanayolinda mfuko wa mkulima kabla hayajalinda mto.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa wanaoshughulika na nafaka na pembejeo, ukame katika mikoa ya mahindi ya Marekani ni habari ya bei kwa msimu huo, na ni habari ya maji kwa msimu unaofuata. Mvua kubwa ya mapema baada ya mwaka mkavu humaanisha pia kwamba wakulima wengi watalazimika kununua nitrojeni ya kurudishia ile iliyosombwa, na mahitaji ya ghafla ya namna hiyo huinua bei.

Kwa wenye hisa au nia ya kununua hisa za viwanda vya mbolea, bei ya gesi asilia ndiyo ya kwanza kutazamwa, na ya pili ni sheria. Umoja wa Ulaya una sheria ya nitrati tangu 1991, inayoweka kikomo cha kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta katika maeneo yaliyo hatarini. Kila nchi inayokaza kamba hubadilisha mahitaji ya mbolea na ya mifugo pia.

Kwa muuza pembejeo wa hapa nyumbani, ushauri ni rahisi. Mteja anayevuna vizuri hurudi msimu ujao. Ambaye mbolea yake imesombwa hurudi na lawama, au harudi kabisa. Duka linalomweleza mkulima lini aweke, kiasi gani na asubiri mvua ipi, linalinda mauzo yake ya mwakani. Maelezo hayo hayaongezi hata senti moja kwenye bei ya mfuko.